Mkalimani na Video za Mdogo Wake

Mtaani walimwita Mikono. Jina hilo alipewa na watoto wa jirani waliozoea kumwona kibarazani akizungumza na mdogo wake bila sauti, mikono ikirukaruka kama nguo kwenye kamba siku ya upepo, na likamganda mpaka watu wazima nao wakasahau lile la kuzaliwa. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Ukimkuta mahakamani au hospitalini au kwenye kikao cha wazazi, amesimama pembeni kidogo ya anayezungumza, amevaa blauzi nyeusi isiyo na hata ua moja ili vidole vyake vionekane vizuri, ujue mahali hapo kuna kiziwi, na Mikono ndiye anayempelekea maneno na kurudisha yake.

Kazi hiyo hakuitafuta, ilimkuta nyumbani. Mdogo wake alipoteza uwezo wa kusikia kwa homa ya uti wa mgongo kabla hajajua kutamka sawasawa. Mama yao alihangaika naye huku na kule, kisha akachoka, akabaki na alama chache za lazima: kula, lala, njoo, acha. Mengine yote akamwachia binti yake.

"Hebu muulize mdogo wako analilia nini."

"Mwambie mdogo wako avue viatu, ananichafulia nyumba."

Basi Mikono akakua akiwa na kazi mbili, kuishi maisha yake na kumsemea mwenzake. Wala hakuona ni mzigo. Alimsemea dukani, alimsemea kwa walimu, na kijana alipopata mchumba, ni yeye aliyekwenda kukaa na wazazi wa binti na kujibu maswali yote, mengine hata kabla hajamtafsiria mwenyewe. Watu walimsifu. Mama yao alikuwa akisema, "Huyu mtoto Mungu alimnyima masikio, akampa dada."

Viziwi hawaitani kwa majina ya kwenye vyeti. Kila mtu hupewa alama yake, inayotokana na sura au tabia. Mdogo mtu ndiye aliyempa dada yake alama aliyokuwa nayo: vidole viwili vinavyogonga midomo haraka haraka. Maana yake, yule asiyefunga mdomo. Siku alipoielewa, Mikono alicheka hadi akashika mbavu, na hakuona ubaya wowote ndani yake.

Miaka ikaenda. Mdogo mtu akawa fundi wa kuchomelea, mwenye karakana yake nyuma ya kituo cha mafuta. Mageti na madirisha ya vyuma aliyotengeneza yako nyumba nyingi upande ule wa mji. Mke wake, kiziwi kama yeye, alikuwa akishona mapazia. Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa seremala mmoja, naye kiziwi, waliyelala naye bweni moja shuleni, ambaye baadaye alihamia mji wa mbali. Hao wawili walizungumza kila siku. Mtu anayesikia humpigia mwenzake simu huku anakoroga sufuria, wakacheka, wakakata, na maneno yakaishia hapo. Fundi hakuweza hivyo. Yeye aliegemeza simu kwenye kopo la rangi, akavua miwani ya kazi, akajirekodi akizungumza kwa mikono, akatuma. Seremala naye akijipangusa vumbi la mbao alijibu kwa video yake. Mazungumzo yote hayo yalibaki kwenye kompyuta za kampuni ya mtandao waliotumia, na wao waliona ni heri, maana simu ikipotea maneno hayapotei.

Asubuhi moja Mikono aliitwa ofisi ya upelelezi. Hakushtuka. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wakalimani wa serikali, na mara kwa mara alikuwa akiitwa kiziwi fulani akiibiwa au akigongwa na pikipiki, aje amsaidie kutoa maelezo. Alipanda ngazi hadi chumba kidogo chenye meza ya chuma, feni iliyokuwa ikigeuza shingo upande mmoja tu kama mtu aliyelala vibaya, na birika la umeme juu ya kabati la mafaili. Mpelelezi alikuwa mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi likanyooka. Alimvutia kiti, akamwekea chai.

"Dada yangu, pole na jua. Leo sina mtu wa kuhoji. Leo nina video tu."

"Hakuna shida, afande."

Alimpa kwanza karatasi ya kiapo aisaini. Ilisema kwamba lolote atakaloliona humo hatalisimulia kwa mtu yeyote, na hasa kwa mwenye video, na akivunja atashtakiwa. Alikuwa amesaini karatasi kama hizo mara nyingi, akasaini na hiyo bila hata kuisoma hadi chini.

"Kuna bwana mmoja anakata nyaya za umeme, anauza shaba," mpelelezi alieleza huku akifungua kompyuta. "Ameshalaza mitaa mizima gizani, mpaka zahanati. Sasa tumechukua kila namba aliyowahi kuwasiliana nayo, tukaomba kampuni itupe vilivyohifadhiwa. Wengine tumeshawamaliza. Huyu mmoja katutoa jasho. Ni bubu. Video tupu, na hakuna anayeelewa kitu."

"Kiziwi," Mikono alimsahihisha kwa mazoea.

"Haya, kiziwi." Akabonyeza.

Uso wa mdogo wake ukajaa kwenye kioo.

Ulikuwa uso wake kabisa, na kovu la cheche kwenye nyusi, na nyuma yake ukuta wa karakana aliokuwa ameusaidia kuupaka chokaa. Mikono alitaka kusema kitu. Lakini mikono kwenye kioo ilikuwa imeshaanza kuzungumza, na mdomo wake, uliofundishwa miaka yote kufuata mikono bila kuuliza, ukafuata wenyewe. Mkalimani hasemi "anasema hivi". Mkalimani husema "mimi", kana kwamba maneno ni yake.

"Mteja amebadili mawazo tena," sauti yake ilisema. "Sasa anataka geti la kusukuma pembeni. Nimemwambia bawaba zimeshachomelewa. Ana ghala kubwa halafu ana roho ndogo."

Mpelelezi alikuwa akiandika kwa kasi. "Vizuri sana. Ghala hilo tunalijua. Endelea." Na kabla Mikono hajameza mate, akabonyeza nyingine.

Hii haikuwa karakana. Ilikuwa chumbani, kitanda hakijatandikwa, na fundi amekaa chini ameegemea godoro. Macho yalikuwa yamevimba. Mikono yake, ambayo siku zote ilizungumza kwa madaha, ilikuwa inakwenda polepole, inakatika, inaanza upya.

"Tumempoteza mtoto," alisema Mikono kwa sauti, na hakusikia alichosema mpaka kilipokwisha kutoka. "Jana. Alikuwa ameshaanza kucheza tumboni. Mke wangu hajainuka tangu tutoke hospitali, na mimi sijui niweke wapi mikono yangu."

Mimba? Mimba ipi? Alikwenda kwao kila Jumapili. Alikula nao meza moja. Hakuna aliyemwambia kuna mimba, sembuse kwamba imetoka.

"Hiyo haituhusu sana," mpelelezi alisema, kwa upole wa kweli. "Pole yao. Lakini subiri, kuna sehemu mbele nataka uniangalizie." Akasogeza video, akaisimamisha. Kwenye kioo, fundi alikuwa ameweka vidole viwili kwenye midomo. "Hapo. Alama hiyo. Tumeikuta kwenye video nyingi mno, tumeiwekea duara. Wenzangu wanaamini ni jina la siri la mtu. Kinara wao labda, yule anayetoa amri. Tunataka kujua huyo ni nani."

Mikono aliitazama alama yake aliyopewa utotoni, imezungushiwa duara jekundu.

"Cheza," alisema, wala hakujua kwa nini alisema hivyo. Labda alitaka kusikia anasemwaje. Mtu yeyote angetaka.

Video ikaendelea. Safari hii hakutafsiri. Aliangalia tu, na maneno yakamwingia moja kwa moja bila kupitia mdomoni. "Usimwambie Midomo," mdogo wake alikuwa akimwambia seremala. "Nampenda, lakini nikimwambia, atafika hospitali kabla yangu. Atazungumza na daktari kabla yangu. Atalia kabla yangu. Maisha yangu yote yamepita kwanza kinywani mwake ndipo yakanifikia mimi. Hili niachie. Hili ni letu, mimi na mke wangu."

"Anasema nini?" aliuliza mpelelezi, kalamu tayari. "Amri gani hiyo?"

Alijiona kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akamkuta mwenye nyumba hajavaa, na badala ya kufunga akasimama anaangalia.

"Simamisha, afande."

"Kuna nini?"

"Kinara wenu ni mimi."

Mpelelezi alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

"Hiyo ni alama yangu. Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Anamwambia rafiki yake asinieleze habari za msiba wake. Hakuna amri hapo. Hakuna shaba. Yeye alimtengenezea yule mtu wenu geti, basi."

Kalamu ilibaki hewani. Mpelelezi alimtazama, akatazama kioo, akamtazama tena, na ndipo pengine alipouona mfanano wa pua. "Mungu wangu," alisema taratibu. "Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Ulibonyeza kabla sijapumua. Nilikuwa nimeduwaa." Kisha hasira ikamjia kwa kuchelewa, ikampandisha sauti. "Hakimu gani alikuruhusu? Nionyeshe hati ya mahakama."

"Hapa hahitajiki hakimu."

"Hahitajiki vipi?"

"Ingekuwa nataka kuingia nyumbani kwake nipekue kabati, ningekwenda kwa hakimu. Hizi si za nyumbani, ziko kwa kampuni. Na zimepita nusu mwaka. Sheria inasema vitu vikikaa kwenye kompyuta za mtu mwingine zaidi ya nusu mwaka, vinahesabika vimeachwa. Barua ya ofisi inatosha."

"Vimeachwa na nani?"

"Na mwenyewe."

Mikono alikitazama kioo. Mdogo wake alikuwa amemlilia mtoto wake mbele ya rafiki yake, akayatunza machozi yale mahali alipoamini ni salama, na hapa anaambiwa kwamba aliyatupa.

Mpelelezi alitoka kwenda kwa mkubwa wake, akarudi uso umekunjamana. Mkalimani aende nyumbani, ataitwa mwingine. Lakini kiapo kiko palepale. "Dada yangu, ukimwambia, umeharibu upelelezi na umejiharibia wewe. Nakuomba. Sitaki nikukute upande wa pili wa meza hii."

Alitoka nje, jua likampiga usoni, na alitembea akapita kituo chake bila kukiona.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa wakili mmoja, mwanamke aliyewahi kufanya naye kazi mahakamani, mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya shule. Wakili alimsikiliza bila kumkatiza, na Mikono alipofika kwenye lile duara jekundu, wakili akafunika uso kwa viganja.

"Ni kweli alivyokwambia," alisema baadaye. "Sheria hiyo ilitungwa wakati kuhifadhi kitu kwenye kompyuta ya mtu kulikuwa ghali, na aliyeacha kitu muda mrefu kweli alikuwa amekisahau. Leo watu wameweka humo picha za harusi, vyeti vya hospitali, ugomvi wao na wake zao. Sheria bado inawaambia mmevitupa. Kipande cha karatasi kikiwa kwenye droo yako kina ulinzi kuliko moyo wako wote ukiwa kwa kampuni."

"Na mimi nifanyeje? Nimwambie?"

"Kama wakili nakwambia usimwambie. Nitamwomba jaji aondoe hilo katazo, ndipo aambiwe rasmi. Itachukua muda. Uvumilie."

Uvumilivu ukamshinda Jumapili ya kwanza. Alikwenda kwao kama kawaida, akasaidia kuosha vyombo, akajitahidi kuchangamka. Lakini unaweza kumdanganya mtu anayesikia kwa kulainisha sauti. Kiziwi anasoma uso, na uso wa Mikono ulikuwa umeandikwa kote. Kila alipomtazama wifi yake alikuwa akimtazama tumboni, kisha anakwepesha macho. Mdogo wake aliweka kijiko chini.

"Una nini?" aliuliza kwa mikono.

"Sina kitu."

"Dada. Mikono yako inasema huna kitu, shingo yako inasema una kitu. Nani amekufa?"

Hapo ndipo alipovunja kiapo. Alimweleza yote, chumba, kompyuta, barua ya ofisi, mteja wa geti. Alipofika kwenye habari ya alama ya midomo kuwa jina la kinara wa wezi, fundi alicheka kicheko chake kile cha kifuani, akagonga meza, akamsimulia mkewe upya kwa mbwembwe. Mkewe naye akacheka. Kisha kicheko kikakauka mdomoni mwa fundi, polepole, kama maji yanayozama mchangani. Alikuwa amefikia hesabu yake mwenyewe.

"Uliona video zipi?"

Mikono alikiokota kile kijiko, akakifuta.

"Zipi, dada?"

"Ya geti. Na ile ya chumbani."

"Yote?"

"Ningeweza kuizuia mapema. Sikuizuia. Niliona mpaka uliponitaja."

Wifi yake aliinuka akaingia chumbani, akafunga mlango. Fundi alibaki. Mikono alianza kuzungumza, kuomba radhi, kueleza, vidole vikigongana kwa haraka, na mdogo wake akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata walipogombana utotoni. Alifumba macho. Kwa mtu anayesikia, hilo ni kama kufungiwa mlango, na kufuli likageuzwa. Alikuwa mbele yake, anahema, na hapakuwa na njia yoyote duniani ya kumfikishia neno. Mikono ikamshuka mapajani. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Mama yao aliuliza kwa nini watoto wake hawatembeleani, na kila mmoja akamjibu kazi nyingi. Mikono mwenyewe alikwenda kumwambia wakili kwamba amevunja kiapo, na wakili akapeleka habari hiyo mbele mwenyewe kabla haijavuja. Jina la Mikono likaondolewa kwenye orodha ya wakalimani wa serikali. Kesi hawakumfungulia, alinong'onezwa kwamba yule mpelelezi aliandika maelezo ya kumtetea, kuwa ni ofisi iliyomwita bila kuhakikisha undugu. Kwa upande wake fundi alimwendea wakili yuleyule, peke yake, na karatasi na kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: NATAKA KUSHITAKI. Wakili alipomuuliza kama dada yake atafsiri, aliandika: HAPANA. MWINGINE.

Mkalimani mwingine alitoka mji wa jirani, bwana mfupi mwenye tai iliyomkaba. Siku ya kesi Mikono alikaa benchi la mwisho, nyuma ya watu wote, amevaa nguo ya maua kama mtu mwingine yeyote. Mara ya kwanza yule bwana alipokosea neno alijikuta ameinua mkono. Akaushusha. Akajikalia vidole.

Wakili wa serikali alizungumza vizuri, kwa utulivu. Alisema wezi wa siku hizi hawaachi nyayo barabarani, wanaziacha kwenye kompyuta, na polisi wakisubiri hakimu kwa kila jambo, mitaa itaendelea kulala gizani. Alisema sheria iko wazi: kilichokaa kwa mwingine muda wote huo bila kuchukuliwa kimeachwa. Watu wengine ukumbini walitikisa vichwa kukubali. Hata Mikono aliona hoja ile haikuwa ya kipuuzi, maana zahanati iliyokatiwa umeme aliijua.

Kisha fundi akaitwa kizimbani. Alivaa shati jeupe lililombana mabega. Aliomba kuuliza badala ya kuulizwa, na jaji, mtu mzima mwenye miwani ya kusukumasukuma, akamruhusu.

"Mheshimiwa, jana jioni ulizungumza na watu wa nyumbani kwako?" sauti ya yule bwana mfupi ilisema.

"Nilizungumza," alijibu jaji.

"Maneno hayo yako wapi leo?"

Jaji alitabasamu kidogo. "Yamepita."

"Yangu hayapiti. Rafiki yangu yuko mbali. Nikitaka kuzungumza naye lazima nijirekodi. Kila nilichomwambia tangu alipohama kimekaa mahali. Nyinyi mnazungumza na upepo unayachukua. Mimi mnaniambia kwamba kwa kuwa upepo haukuyachukua, basi ni ya kila mtu." Alisita, mikono imesimama hewani, na mkalimani naye akasubiri. "Sikuyaacha. Nimeyaweka. Kuna mtu mmoja humo ndani ambaye sina picha yake nyingine ila ile siku nilipomzungumzia."

Benchi la mwisho, Mikono aliziba mdomo kwa kiganja, na machozi yakapita katikati ya vidole. Hakuwahi kumwona mdogo wake akizungumza mbele ya watu bila yeye kusimama kando. Alikuwa mzungumzaji hodari. Alikuwa na mizaha, alijua kusubiri, alijua kuacha. Miaka yote ile vitu hivyo vilikuwa vikipita kwenye mdomo wa dada, na dada alidhani ni vya kwake.

Hukumu ilipotoka, haikumpa kila mtu alichotaka. Jaji alisema mazungumzo ya mtu hayawezi kuhesabika yametupwa kwa sababu tu yametunzwa, na kwamba mwenyewe alistahili angalau kuambiwa. Akaamuru video zitolewe kwenye jalada na nakala zote za polisi zifutwe mbele ya wakili wake. Lakini alisema pia kwamba kuibadilisha sheria si kazi yake, ni ya bunge, na mpaka ibadilishwe, barua za ofisi zitaendelea kuandikwa. Serikali ikakata rufaa, na rufaa hiyo bado haijasikilizwa. Mwizi wa shaba alikamatwa kwa njia nyingine kabisa: shemeji yake alimchongea polisi.

Nje, kwenye ujia wa mahakama, yule mpelelezi alimsogelea Mikono. Aligeuzageuza simu yake mkononi.

"Nina mambo ya miaka yote humu," alisema. "Mke wangu, watoto. Mpaka ugomvi wetu. Sikuwahi kufikiria." Akaitia mfukoni, akaenda zake.

Mdogo wake hakumwendea siku hiyo. Alipita na mkewe, akamwinulia nyusi kidogo, basi. Mikono hakuwafuata. Kazi za serikali alikuwa amezikosa, akapata nyingine kwenye shule ya viziwi, kufundisha alama wazazi wa watoto wadogo. Kila darasa jipya alilianza kwa kuwaambia jambo moja, na wengi walidhani anatania: "Jifunzeni nyinyi wenyewe. Msimwachie dada yake."

Miezi mingi baadaye, alasiri moja, alipita karakanani kuchukua bawaba ya mlango wa mama yao. Kulikuwa na mteja, na fundi alikuwa akielewana naye kwa kuchora kwa chaki juu ya bati. Mteja alikuwa ameelewa vipimo kinyumenyume, ilionekana wazi, na Mikono alisimama kando akitazama chaki ikichora, ikifuta, ikichora tena, mpaka mteja mwenyewe akapiga paji la uso na kucheka. Hakutia neno.

Mteja alipoondoka, fundi alivua glavu. Alivuta kibao, akamwelekeza akae. Akakaa mbele yake, mwanga ukimwangukia mikononi.

"Tulikuwa na mtoto," alisema.

Dada aliyajua hayo, na mdogo wake alijua kwamba anayajua. Hata hivyo alimsimulia tangu mwanzo, kwa mpangilio wake mwenyewe: jinsi walivyogundua, jinsi mkewe alivyokuwa akiweka kiganja chake tumboni asikie, jinsi daktari alivyokuwa akiwaandikia kwenye vipande vya karatasi na kusahau kuwatazama. Mengi hayakuwamo kwenye ile video. Mikono alisikiliza kwa macho, viganja vyake vimelala mapajani, na ilimpasa ajizuie mara kadhaa asimmalizie sentensi.

"Tulikuwa tumeshampa alama yake," mdogo wake alisema mwishoni. "Jina."

Mikono yake ilitulia hapo. Hakuionyesha alama hiyo, na dada yake hakumwomba.